Jivu la Mlango wa Nyuma

"Jivu gani hilo linalolisha mgomba na kumdhuru mtoto?"

Bibi aliniuliza swali hilo akiwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, anamenya ndizi na kuzitumbukiza moja moja kwenye beseni la maji. Hakuniangalia. Mimi nilikuwa nimesimama uani na karatasi ya maabara mfukoni, shahada yangu ya ualimu wa historia ikiwa na mwaka mmoja tangu niipate. Nilijua karatasi imesema nini. Sikujua jivu linawezaje kufanya mambo yote mawili kwa pamoja. Migomba iliyotuzunguka ilikuwa na afya kuliko sisi sote. Mkungu mmoja nyuma ya Bibi ulikuwa umeegemezwa kwa nguzo mbili ili usiuangushe mgomba.

Kibanja chetu kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Nshamba, wilaya ya Muleba. Juu kuna migomba, chini yake mibuni, chini ya mibuni maharage, nyumba iko katikati, na makaburi ya babu na baba yapo upande wa juu. Ukitoka nje ya migomba unaingia rweya, uwanda wa nyasi na udongo mwekundu, ambako mgomba ukiupanda utadumaa. Udongo wa kibanja nao ulikuwa rweya zamani. Uligeuka mweusi kwa sababu watu waliulisha, kizazi hadi kizazi, kwa nyasi za kufunikia, maganda ya ndizi, samadi kwa wenye ng'ombe, na jivu kwa wote. Bibi alipoolewa, mama mkwe wake hakumuuliza kama anajua kupika. Alimpa kikapu akamwonyesha mahali pa kuchota jivu.

Sisi hatukuwa na ng'ombe, kwa hiyo jivu lilikuwa na thamani ya ziada. Ng'ambo ya barabara, kwenye rweya, palikuwa na kinu cha kukoboa kahawa. Maganda yaliyobaki yalichomwa nyuma ya jengo, na wanawake wa jirani walikuwa na ruhusa ya kwenda mlango wa nyuma na kuchukua jivu kadiri wanavyoweza kubeba. Kinu kilipokufa, jengo likapangishwa kwa watu kutoka nje ya mkoa. Walileta betri chakavu za magari kwa malori, wakazivunja, wakayeyusha madini ya risasi yaliyokuwa ndani na kuyamimina yawe vipande vya kuzamishia nyavu za samaki. Mialo yote ya wavuvi kandokando ya ziwa ilivihitaji vipande hivyo. Tanuru lao walilikoka kwa maganda ya kahawa yaliyokuwa yamesalia, milima na milima yake, na jivu likaendelea kutoka kwenye mlango uleule wa nyuma.

Wanawake nao wakaendelea kwenda. Bibi ndiye aliyetangulia. Wale wenye tanuru walifurahi kusafishiwa ua. Nilikuwa na umri wa kama miaka saba, dada yangu kumi na moja. Baba alikuwa amefariki, mama alikuwa anafanya kazi Mwanza, na bibi ndiye aliyetulea. Tulitoka shule tukabeba vikapu vya jivu kichwani, likitudondokea shingoni na kutuwasha. Tulilimwaga kwenye mashina ya migomba iliyo karibu na nyumba, kwa sababu migomba ya karibu ndiyo inayopendwa zaidi. Nyumba sita zilifanya hivyo kwa karibu miaka mitatu. Halafu wale watu wakaondoka kama walivyokuja. Nyuma ya jengo lile pakabaki kipara ambacho nyasi hazijaota mpaka leo. Mimi ambaye walimu walinichoka kwa maswali sikuwahi kuuliza kwa nini.

Miaka ikapita. Nilikwenda chuo, dada akaenda Bukoba mjini kuuza vitambaa, akapanga chumba mtaa wa Bilele. Alipata binti. Binti alipofika miaka miwili, dada alimleta kwa bibi, kwa sababu anafungua duka alfajiri na kulifunga giza likiwa limeingia, na mtoto hawezi kukulia chini ya meza ya vitambaa. Hakuna aliyeona ubaya. Sisi wenyewe tulikulia pale.

Nilipomaliza chuo nikawa nasubiri ajira kama wenzangu wote, na mwezi wa sita nikaenda Nshamba kumsaidia bibi kuchuma kahawa. Mtoto alikuwa na miaka minne na nusu. Alikuwa mwembamba, viganja vyake vyeupe kwa ndani kama vya mtu aliyeshinda majini. Aliketi sana. Watoto wa umri wake hukimbiza kuku. Yeye aliwaangalia tu. Aliongea neno moja moja: maji, kuku, hapana, tumbo. Neno "tumbo" alilisema kuliko yote. Angeweza kukaa siku nne bila kwenda chooni, kisha akalia akiwa amejikunja kwenye mkeka.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Bibi alisema ni minyoo, akampa dawa za minyoo, na kweli minyoo ilitoka, lakini tumbo halikupona. Zahanati walisema damu ni kidogo, wakatoa vidonge. Jirani mmoja alisema mtoto ametupiwa kijicho. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa kibanja hichohicho, alisema mtoto ni mvivu wa kuongea kwa sababu wanawake wa nyumba hii humsemea kila kitu.

"Na wewe nshomile unasemaje?" akaniuliza. Nshomile ni neno la Kihaya, maana yake nimesoma, na kwetu hutumika kumtania yeyote anayejivunia shule. Baba mdogo alilitumia kwangu tangu nikiwa kidato cha kwanza.

"Sijui."

"Ehe. Hilo tutaliandika kwenye kalenda."

Siku ya tatu au ya nne tulikuwa tumeanika kahawa kwenye majamvi mbele ya nyumba. Mtoto alikuwa ameketi ukingoni, anachokoa udongo kwa kijiti chini ya mgomba. Nikaona shavu lake limevimba upande mmoja. Nikamwambia atoe. Alitikisa kichwa. Nikaingiza kidole, nikatoa kijiwe cha kijivu kikubwa kama punje ya harage, chenye mikunjo, kilichokuwa kizito kuliko kilivyostahili kuwa. Nilikikwaruza ukutani kikaacha mstari kama wa penseli.

Baba mdogo alikuwa anageuza kahawa kwa reki. Enzi za ujana wake alivua miaka mingi kwenye visiwa. Nikampa. Alikipima mkononi mara moja tu.

"Risasi," akasema. "Ya nyavu. Imetoka wapi?"

"Mdomoni mwa mtoto."

Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akainama pale mtoto alipokuwa anachimba, akasugua udongo kati ya vidole. Vilikuwemo vingine, vidogo kama mchanga.

Ningependa kusema kwamba nilielewa papo hapo. Nilichofanya ni kuketi na simu mahali pekee penye mtandao, karibu na makaburi, nikasoma mpaka chaji ikaisha. Nilikataa nusu ya nilichosoma. Nilikuwa na tabia, bado ninayo, ya kutoamini jambo linaloeleza kila kitu kwa urahisi mno. Tumbo, damu, maneno, uvivu: kitu kimoja kieleze vyote? Hivyo ndivyo waganga wanavyofanya. Lakini jioni nilimwosha mtoto mikono na maji ya beseni yakawa ya kijivu, na sikuweza kuyakatalia maji.

Kumpeleka Bukoba kulihitaji ruhusa ya dada. Nilimpigia.

"Usinifundishe mwanangu," akasema. "Wewe hata paka hujawahi kufuga."

"Nataka apimwe tu."

"Umesoma kitu kwenye simu."

"Ndiyo."

"Wiki iliyopita ulisoma kwamba chumvi ni mbaya."

"Dada, alikuwa na risasi mdomoni."

Nyuma yake nilisikia mteja akiuliza bei ya kitenge, na dada hakumjibu. "Mlete," akasema.

Daktari aliyetupokea mjini alikuwa kijana kama mimi, na nilimpenda kwa sababu hakujifanya anajua. Alikifunua kijiwe kwenye tishu, akakiangalia, akasema kwamba chuoni alifundishwa ukurasa mmoja tu kuhusu jambo hili na hajawahi kuona mgonjwa wake. Damu ingepelekwa Dar es Salaam. Alitwambia tusimrudishe mtoto Nshamba mpaka majibu yatoke. Mtoto akabaki Bilele, akilala kati yangu na dada kwenye kitanda kimoja, na asubuhi mimi ndiye niliyebaki naye. Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Nilimwomba daktari arudie kipimo. Hakukasirika. Kipimo cha pili kikasema kama cha kwanza: risasi ilikuwepo, nyingi kuliko inavyowezekana kupuuzwa.

"Asirudi pale," daktari akasema. "Dawa nyingine zote ni za baadaye. Dawa ya kwanza ni asirudi."

Dada aliniambia mimi ndiye niende nikamweleze bibi. "Wewe una maneno," akasema, na nilijua anamaanisha kwamba yeye hana ujasiri. Ndiyo maana nilikuwa nimesimama pale uani siku ile, na bibi anamenya ndizi, na ananiuliza swali ambalo sikulitegemea.

Nilijaribu. Nilisema jivu lenyewe la maganda halina neno, ila liliungua pamoja na kitu kingine. Akauliza mbona migomba haikufa. Nikasema sijui. Akauliza kama ndizi anazomenya nazo zina risasi. Nikasema sijui. Akauliza kama mimi na dada yangu, tuliobeba jivu hilo kwa vichwa vyetu, tuliwahi kushindwa kuongea.

"Wewe hasa," akasema, "ulianza kuongea kabla ya kutambaa na hujanyamaza."

Ilikuwa utani, lakini hakutabasamu. Alimaliza ndizi, akafuta kisu kwenye jani, ndipo akaniangalia. "Umekuja kuniambia kwamba nimemlisha kitukuu changu sumu."

"Hapana, Bibi."

"Basi umekuja kuniambia nini?"

Miaka michache baadaye nilipata sehemu ya jibu la swali lake. Mgomba hauipandishi sana risasi mpaka kwenye tunda. Hukaa kwenye udongo, na humfikia mtoto kwa vumbi, kwa vidole, kwa kiazi kisichooshwa vizuri. Jivu linaweza kulisha mgomba kwa kile kilichotoka kwenye maganda na wakati huohuo kumdhuru mtoto kwa kile kilichotoka kwenye betri. Ni jibu la kawaida kabisa. Lakini siku ile sikuwa nalo, na kwa kuwa sikuwa nalo bibi alibaki na jibu lake mwenyewe.

Jioni ile baba mdogo aliniita chini ya mibuni yake. Hakutania.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Bado. Nataka kupita nyumba zile nyingine. Wote wana watoto."

"Sikiliza. Kahawa bado iko kwenye majamvi. Ukisema neno sumu leo, kesho litakuwa Muleba mjini, keshokutwa mnunuzi hapiti njia hii. Nyumba sita hazitakosa mnunuzi tu, zitakosa ada, zitakosa kila kitu. Subiri iuzwe."

"Na watoto?"

"Watoto wamekaa hapa miaka. Miezi miwili itabadili nini?"

Nilipaswa kukataa. Nimejifunza kushuku hoja za aina hii katika vitabu vya historia, ambako daima kuna mtu anayesema tusubiri mavuno. Lakini niliangalia yale majamvi, nikafikiria nyumba sita zikimtazama bibi yangu, nikasema sawa. Niliandika barua kwa ofisi ya kata kuhusu jengo la kinu, nikaeleza betri na kipara cha nyuma, na sikutaja jivu la vibanja. Bado nina nakala ya barua hiyo. Ni nzuri, imepangwa vizuri, na imekosa jambo moja tu, ambalo ndilo lililokuwa muhimu.

Nilirudi Bilele. Kwa wiki saba bibi hakupokea simu yangu. Alipokea ya dada, akauliza mtoto amekula nini, akakata. Mtoto alianza kunenepa kidogo. Tulimwosha mikono mpaka akawa anatunyooshea mwenyewe kila alipotuona na maji. Nilijiambia kwamba zile nyumba nyingine zina wazazi wao. Usiku sikuwa na shida ya kulala. Shida ilikuja mchana, nilipokuwa namwosha mikono mtoto mmoja na kuwaza mikono ya wengine.

Mwezi wa kumi nilipanda tena Nshamba, nikakuta bado kuna kahawa uani. Bibi alinipokea, akanipa chakula, akanionyesha mahali pa kulala, yote bila neno la ziada. Jumapili nilikwenda naye kanisani. Sisi ni Walutheri, na kwetu ibada ikiisha mzee wa kanisa husimama kutoa matangazo: nani mgonjwa, nani ana harusi, siku ya kufyeka uwanja. Alipomaliza akauliza kama kuna mwingine mwenye tangazo. Huwa hakuna. Bibi akainuka.

Aliongea Kihaya, polepole, mkono mmoja ameushika mgongo wa benchi la mbele.

"Mnanijua. Lile jivu la kwenye kinu, lile la baadaye, la watu wa betri, ni mimi niliyewaambia ni zuri. Nilipita kwa kila mmoja. Niliwaambia limeungua vizuri kuliko la zamani na kwamba ni jepesi kubeba. Halikuwa jepesi. Nilisema uongo ili mje nami, kwa sababu sikupenda kwenda peke yangu kwa wale wanaume. Mtoto wetu amepimwa damu mara mbili. Ana risasi, na ilitoka kwenye jivu hilo. Mwenye mtoto mdogo ampeleke akapimwe. Kahawa yangu bado sijaiuza. Nimemaliza."

Akaketi. Mzee wa matangazo alikuwa bado amesimama na karatasi yake, hajui aikunje au asome tena. Mwanamke mmoja wa rika la bibi, aliyekuwa akibeba jivu naye, alisema kutoka nyuma, "Na wewe mama hayo umeyajuaje?"

"Kwa huyu," bibi akasema, akinielekeza kwa kidevu. "Na mnamjua. Huyu haamini mvua mpaka imlowanishe. Kama yeye ameamini, mimi nibishe nini?"

Watu wachache walicheka. Baba mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi uso ulinichoma, kwa sababu bibi alikuwa amenisifu mbele ya watu walewale niliowaficha jambo hilo. Nje walinizunguka. Tule nini? Tung'oe migomba? Maji ya kisima je? Nilijibu nilichokijua, na nilichokijua kilikuwa kidogo: muwaoshe watoto mikono, msiwaache wachimbe karibu na nyumba, mfunike udongo usibaki wazi, muwapeleke wapimwe. Mama mmoja kijana, mwenye watoto wawili, aliniuliza nimejua tangu lini.

"Tangu mwezi wa sita," nikasema.

Hakunitukana. Alimshika mtoto wake mkono, mtoto ambaye mkono wake ulikuwa na vumbi kama mikono yote ya watoto, akaondoka naye, na tangu siku hiyo husalimiana na bibi lakini si nami.

Kahawa iliuzwa. Mnunuzi hakuuliza kitu. Kati ya nyumba tano nyingine, tatu ziliwapima watoto wao, na wanne walikutwa na risasi, akiwemo mmoja wa yule mama. Watu wa kata walikuja, wakapiga picha kile kipara, wakazungusha waya wa miiba ambao baadaye mtu aliuhitaji kwa zizi lake.

Bibi yeye alifanya anachokijua. Alilipa vijana wakamkatia nyasi rweya, mzigo baada ya mzigo, akazitandaza uani na chini ya kila mgomba wa karibu mpaka udongo ukatoweka kabisa chini ya zulia nene kama godoro. Alipomaliza alimpigia dada.

"Nimefunika kote. Sasa mtoto anaweza kurudi?"

Dada alinipa simu. Nilimrudishia. Mwishowe dada alisema, "Hapana, Mae," kwa Kihaya, kama mtu anavyomwita mama yake. Bibi akasema basi atakuja yeye.

Alikuja Bilele na begi moja na mkungu wa ndizi ambao alikuwa ameununua sokoni, si wa kwake. Aliketi kitandani kwetu kwa sababu hatukuwa na kiti cha pili. Mtoto alisimama mlangoni akamtazama juu hadi chini, akachungulia nyuma yake, kisha akasema, "Bibi, mbona hukuja na kuku?"

Bibi akaniangalia, nami nikamwangalia dada. Hakuna aliyetaja kwamba hiyo ilikuwa sentensi nzima, tuliogopa kuifukuza. Bibi akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba kuku wanaogopa mji. Mtoto akauliza wanaogopa nini. Walikaa hivyo mchana mzima, maswali na majibu, na bibi aliyajibu yote, hata yale yasiyo na jibu. Alikaa siku nne. Tangu hapo huja kila baada ya miezi michache, na mtoto hajakanyaga tena Nshamba. Sasa yuko darasa la pili. Kusoma kunamchukua muda mrefu kuliko wenzake na hesabu humliza. Hakuna anayeweza kutuambia kama angekuwa hivyo hata bila jivu, na nimeacha kuuliza, jambo ambalo si tabia yangu.

Niliamini tumelielewa jambo lile. Lilikuwa na mahali, kile kibanja. Lilikuwa na mlango wa kutokea, tukautumia. Bibi aliamini vivyo hivyo, na lawama yote aliibeba kwa hesabu hiyo: mtoto alikuja kwake mzima, akaharibikia kwake.

Mwaka jana dada alijifungua binti wa pili, Bukoba mjini. Mimba yote aliibebea Bilele. Mtoto hajawahi kufikishwa Nshamba hata kwa matembezi. Bibi ndiye aliyekuja kumwona. Mtoto alipofika miezi sita nilisema apimwe, na dada akanicheka kwamba nitapima mpaka mbuzi wa jirani. Alimpeleka ili ninyamaze. Damu ikaonyesha risasi.

Nilitafuta kila mahali. Nilikwangua rangi ya ukuta wa chumba, nikashuku bomba, sufuria, vitambaa vya dukani, hata wanja aliopakwa mtoto kwenye nyusi. Vilivyopimika vilipimwa, vikakutwa safi. Hatimaye tulikwenda Mwanza kwa daktari mwanamke, mtu mzima, ambaye hakuuliza habari za mtoto kwanza. Alimuuliza dada alikulia wapi, na akiwa na umri gani jivu lile lilibebwa. Kisha akamtoa dada damu, na akaniambia nami nikunje mkono wa shati; damu zetu zote mbili zilikutwa na risasi.

Tulichokuwa hatukijui ni hiki. Risasi inayoingia mwilini mwa mtoto haitoki yote. Sehemu kubwa hukaa kwenye mifupa, na inaweza kulala humo miongo miwili au zaidi bila kumsumbua mtu kwa namna anayoiona. Mwanamke akishika mimba, mwili wake huchota madini kutoka kwenye mifupa yake ili kujenga mifupa ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo, ikavuka kondo la nyuma. Binti wa kwanza wa dada alikuwa nayo tayari siku alipozaliwa, miaka miwili kabla ya kupelekwa kwa bibi.